Dirisha la Kushoto

Mume wangu Erastus alikuwa na neno lake moja: kisichopimwa hakipo. Alilitoa kwenye karakana ya reli kule Kisumu, alikofanya kazi ya fundi wa injini miaka ishirini na sita, akalileta nyumbani kwetu, kando ya reli ya Butere, na kulitumia kwa kila kitu, hata chumvi ya mboga. Nilikuwa nikimcheka. Sasa simcheki, na nitaeleza kwa nini, maana nimenyamaza vya kutosha.

Kwanza ni injini yenyewe. Si ile ya kweli, ni ile ndogo iliyokaa mezani kwetu. Erastus alikuwa akitengeneza mfano wa injini ya dizeli, ile kubwa ya kuvuta mizigo, yenye magurudumu kumi na mawili na pua ndefu. Kila futi moja ya injini ya kweli ilikuwa nusu inchi ya mfano. Mwili aliukata kwenye madebe ya mafuta ya kupikia, vyuma vya kushikia akavifanya kwa spoki za baiskeli, na milango ya ubavuni ilifunguka kwa bawaba ndogo ambazo alizikwangua kwa tupa mwezi mzima. Ukiinua paa la chumba cha dereva uliona viti viwili, cha kulia cha dereva na cha kushoto cha msaidizi wake. Ilikuwa na urefu wa mtoto wa mwaka mmoja aliyelazwa. Kwa miaka sita ilikalia meza ya chakula, na sisi tukala sahani zikiwa magotini.

Mwana wetu wa kiume, Phineas, alikuwa msaidizi wa dereva kwenye injini kama hiyo hiyo. Alikuwa akienda na treni ya mizigo kutoka Kisumu hadi Butere na kurudi na magunia ya sukari. Yeye ndiye aliyemweleza baba yake kuhusu dirisha la kushoto. Injini ikitembea pua ndefu ikiwa mbele, dereva aliyeketi kulia haoni kitu upande wa kushoto. Kushoto ni macho ya msaidizi. Akiona hatari anapaza sauti, dereva anafunga breki.

Halafu ni sukari. Pesa za miwa zilipoingia Butere na Khwisero na kila mahali, watu wetu walipatwa na wazimu, na siwataji wengine nikajiacha mimi. Tuling'oa mahindi, tukang'oa maharagwe, tukakata migomba, na makaburi nadhani yaliponea chupuchupu. Kampuni ya sukari ilimleta mpimaji, akapima shamba letu mpaka kwenye waya wa reli. Nje ya waya ilikuwa ardhi ya reli, nyasi tupu hadi karibu na mataruma. Ng'ombe tulikuwa tumeshawauza, na nyasi zile zilinichoma macho. Kila mwenye shamba kando ya reli alikuwa amevuka waya. Mimi nilivuka kwa mistari mitatu ya miwa, kuanzia pale barabara ya udongo inapokata reli, hatua themanini kuelekea Butere. Mahali pale reli imechimbiwa chini kidogo, kwa hivyo kinachoota ukingoni kinasimama juu ya madirisha ya treni.

Kampuni haikuitambua miwa ile. Ilivuna shamba langu halali na kuiacha mistari mitatu imesimama, nami nikaiuza kwa mwenye kinu cha sukari nguru. Hela zake hazikupita mikononi mwa Erastus. Ndizo zilizomnunulia Phineas viatu vyake vya kwanza vya kazi.

Ajali ilitokea Ijumaa, mwezi wa nane wa mwaka wa sabini na tisa, saa nane mchana. Wakataji miwa walikuwa wamemaliza shamba la juu, wakapanda juu ya mzigo kwenye trela, trakta ikashuka kuelekea kiwandani, kupitia kile kivuko ambapo barabara inakata reli. Nilikuwa nikichambua mboga. Nilisikia honi, fupi sana, halafu mlio ambao siwezi kuueleza na sitajaribu. Nilipofika, injini ilikuwa imelalia ubavu wake wa kulia, na miwa imetapakaa kila upande na watu chini yake. Walikufa wakataji sita. Mmoja wao alikuwa Awinja, msichana wa miaka kumi na tisa, binti wa jirani yangu Jescah, ambaye tulikuwa tukiazimana hata moto. Dereva wa treni, Mkalenjin mmoja aliyeitwa Kipruto, alikufa akiwa kitini. Phineas alirushwa nje akavunjika mfupa wa bega. Nilimkuta ameketi kwenye nyasi anasema neno moja tu, miwa, miwa, nami nilijua mara moja anasema miwa ipi.

Jumamosi watu wote walikwenda mochari Kakamega kutambua wafu wao. Mimi nilisema kichwa kinaniuma. Nikachukua panga, nikashuka relini, nikakata mistari yangu mitatu mpaka mwisho. Sikuhangaika na pa kuitupa. Niliiburuta nikaichanganya na ile iliyomwagika kutoka kwenye trela, na nani angeweza kutenganisha muwa na muwa? Askari wawili waliachwa pale kulinda, lakini walikuwa upande wa pili wakilinda magunia ya sukari, maana hayo ndiyo yaliyokuwa yakiibwa. Wiki ile kila jirani wa reli alikata yake pia, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Niliogopa nini? Niliogopa ndugu za wale sita. Niliogopa kuitwa mwanamke aliyewaua kwa tamaa ya mistari mitatu. Haikunijia hata mara moja kwamba ninamkatia mwanangu ushahidi wake. Nasema kweli, na najua haisaidii.

Jumatatu inspekta alikuja kuchora ramani. Akakuta mahali peupe, barabara inaonekana mpaka mbali. Phineas alitolewa hospitali akapelekwa rumande Kakamega, kwa shtaka la kusababisha vifo saba kwa uzembe. Walisema alikuwa amelala.

Erastus aliomba likizo akaja nyumbani na tepu yake. Hakulia, hakupiga kelele. Alisema mahakama haisikii maneno, mahakama inaangalia, na yeye ataipa kitu cha kuangalia. Alitengeneza ubao mkubwa, akaupaka udongo wa pale pale kivukoni, akanyoosha reli za waya, akatengeneza trakta na trela yake, kila kitu kwa nusu inchi kwa futi. Alishuka relini siku nne mfululizo kupima upana wa barabara, kina cha ule mchimbo, umbali wa kila nguzo. Aliweka alichokipima. Aliamini kwamba mfano ukiwa sahihi kabisa, hautakuwa na budi kumtetea mtoto wake, kwa sababu mtoto wake alikuwa akisema kweli.

Nilimtazama akifanya kazi ile nami nikimletea chai. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndimi niliyekuwa nguoni mwake.

Sasa nifike kwa Jescah. Kwetu, damu ikiingia kati ya nyumba mbili, watu wa nyumba hizo hawali pamoja mpaka watakaswe. Anayekula huku anajua, amejilisha kifo na amemlisha mwenzake. Kwa hivyo tangu ajali sikula na mtu wa nje ya nyumba yangu, wala sikutarajia mgeni. Lakini wiki mbili baada ya kumzika Awinja, Jescah aliingia jikoni kwangu na kichwa chake kilichonyolewa, akavuta kigoda, akaketi.

"Nimekuja kula, Mama Phineas," alisema. "Watu wanasemanga maneno mingi huko nje. Mimi nasema mtoto wako hakuona. Kama angeona angesimamisha hiyo gari. Leta obusuma."

Nilisonga ugali. Tuliketi, sahani moja katikati yetu, na Jescah akamega tonge la kwanza na kulila mbele ya macho yangu. Wakati huo huo Erastus akaingia kutoka Kakamega, alikokuwa amekwenda kumwona Phineas rumande. Hakukaa hata chini.

"Mama Phineas, kijana anasema ulikuwa na miwa ndani ya ardhi ya reli, pale kando ya kivuko," alisema. "Anasema ndiyo ilimfichia trakta. Ulikuwanga na miwa hapo?"

Jescah alikuwa amemega tonge la pili. Mkono wake ulisimama, akanitazama, si kwa ubaya, ni vile mtu anavyotazama akisubiri jibu. Chakula cha kwangu kilikuwa tayari tumboni mwake. Ningesema ndiyo, ningekuwa nimekiri kwamba nilimwacha mama wa maiti ale na aliyemuua mwanawe, nikakaa kimya mpaka akameza.

"Hapana," nilisema. "Hapo huwanga nyasi tu."

Jescah akala. Erastus alinitazama kidogo zaidi ya kawaida, kisha akaenda mezani kwenye mfano wake. Miwa hakuiweka. Hakuwa ameipima.

Kesi ilisikilizwa Kakamega mwezi wa kumi na moja. Erastus aliubeba ubao na injini kwa gari la kukodi, akiwa amevaa koti lake la kanisani, na watu wa mahakama wakasogea kutazama kabla hata hakimu hajaingia. Hakimu alikuwa mtu mpole mwenye miwani. Alishuka kutoka kitini kwake, Erastus akainua paa, na hakimu akainama, akaweka jicho nyuma ya kiti cha kushoto, akatazama kupitia dirisha lile dogo.

"Trakta naiona," alisema.

Erastus akairudisha injini nyuma inchi kumi, sawa na futi ishirini.

"Bado naiona."

Akairudisha tena, na tena, mpaka mwisho wa ubao. Kila mara hakimu aliiona. Nilimwona mume wangu jasho likimtiririka, mkono umeshika injini, na hakuacha, kwa sababu yeye si mtu wa kuacha kipimo katikati. Kwa mikono yake mwenyewe alimwonyesha hakimu, futi kwa futi, kwamba mtoto wake alikuwa na nafasi ya kuona na hakuona.

Kisha hakimu akamgeukia Phineas kizimbani. "Wewe unasema kulikuwa na miwa. Miwa ya nani?"

Phineas alitazama kule tulikoketi. Alinitazama mimi, nami nikamtazama, mkono wake bado umefungwa kwa kitambaa cha hospitali. Sasa angesema. Nilimwomba Mungu aseme, na nilimwomba Mungu asiseme, yote kwa pumzi moja.

"Mwenyewe simjui, mheshimiwa," alisema.

Walimfunga miaka miwili. Katika hukumu hakimu alisema mfano wa mzee ulikuwa kazi ya usahihi wa ajabu na uliisaidia sana mahakama.

Erastus aliurudisha nyumbani, akaufunika gunia, akarudi Kisumu kazini. Mficha uchi hazai, husema watu. Mimi nilikuwa nimeshazaa, na niliyemzaa ndiye aliyelipia. Ningeweza kusema mwezi huo. Ningeweza kusema uliofuata. Kila siku iliyopita iliongeza uzito wa kusema, mpaka kusema kukawa kama mzigo ambao mtu hawezi kujitwika bila msaidizi, na msaidizi wa kunitwika sikumwita. Jescah aliacha kuja. Tulisalimiana kisimani tu, naye aliinamisha macho kana kwamba yeye ndiye mwenye hatia, kwa sababu mtoto wangu alifungwa kwa ajili ya mtoto wake.

Lakini muwa haufi kwa panga. Ukikata, kisiki kinachipua. Kabla ya kesi nilikuwa nimeyakata machipukizi mara tatu, kila mara nikitazama nyuma. Baada ya hukumu miguu ilikataa kushuka kule. Niliiacha. Ikaota yenyewe mvua kwa mvua, bila mbolea na bila jembe, mistari mitatu.

Mwanzoni mwa mwaka wa themanini na moja Erastus alistaafu akaja kukaa nyumbani. Mwezi wa tatu, wiki moja kabla Phineas hajafunguliwa, maana walimpunguzia kwa tabia njema, nilimwona mume wangu akitoka na tepu mkononi. Alirudi saa sita. Aliufunua ubao, akaufuta vumbi, akachukua ufagio wangu mpya na kuanza kukata nyasi zake, inchi tano, inchi tano, inchi tano. Miwa ilikuwa na futi kumi. Alizichovya kwenye rangi ya kijani akazipanda kwa gundi kwenye ukingo wa reli. Mstari wa kwanza ulimchukua siku nzima. Nilipita pale na maji, na kuni, na sahani.

Siku ya tatu, akipanda mstari wa mwisho, alisema bila kuinua kichwa, "Visiki ni vya zamani. Vilikatwa mara nyingi."

Nilikaa chini sakafuni.

"Na mimi nilikuwanga naiona," alisema. "Kila nikikuja na treni nilikuwa naiona hiyo miwa. Kijana aliponiambia, nilikumbuka. Lakini sikuwa nimepima, na wewe ulisema hapana."

Nilimwambia twende Kakamega kwa hakimu, kesho, hata leo. Akaniuliza hakimu atamrudishia Phineas nini, na hakuwa na hasira alipouliza. Ningependa angekuwa nayo.

Phineas alifika Alhamisi mchana, kwa miguu, akifuata reli kutoka Butere. Kwa hivyo alikuwa amepita kivukoni, na alikuwa ameona. Alikuwa amekonda na anakohoa. Alinisalimu kwa heshima, akamsalimu baba yake. Nilikuwa nimechinja ingokho, kuku wa kumpokea, na harufu ilikuwa imeshafika kwa majirani. Kabla sijapakua, Jescah alisimama mlangoni amevaa kitambaa chake cha kanisani.

"Nimekuja kula na kijana," alisema. "Yaishe sasa."

Phineas alikuwa amesimama mbele ya ubao. Aliinua lile paa dogo, akainama, akaweka jicho nyuma ya kiti cha kushoto. 

"Ndiyo hii," alisema. "Ilikuwa hivi."

"Ilikuwa nini?" Jescah aliuliza.

"Miwa, Mama Awinja. Ilifunika yote. Nilikuwa naangalia, sikulala."

"Miwa ya nani?"

Phineas hakugeuka. "Mwenyewe simjui," alisema, maneno yale yale, na Erastus akatazama mikono yake.

Niliweka chakula chini. Sikuwa na kingine cha kufanya. Jescah alinawa, akaketi kwenye kigoda kile kile cha siku ile, akamega tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba na kulisogeza kwenye mchuzi. Nilimtazama mwanangu, ambaye alikuwa amenificha mara mbili na alikuwa tayari kunificha maisha yake yote. Nikaweka kiganja changu juu ya bakuli.

"Usile, Mama Awinja," nilisema. "Miwa ilikuwa yangu. Niliipanda mimi, na niliikata mimi, siku ile nyinyi mlienda mochari. Na ile siku ulikula hapa, nilikuwa najua."

Hakupiga yowe. Aliliweka tonge kwenye ukingo wa sahani, taratibu, akainuka. Nilidhani anakwenda mlangoni, lakini alikwenda kwenye ubao, akainama pale Phineas alipokuwa ameinama, akafumba jicho moja. Upande wa pili wa nyasi zile za ufagio ilikuwa trakta, na juu ya trela Erastus hakuwa ameweka watu.

"Kwa hivyo hakumwona mtoto wangu," alisema.

 Alitoka. Pale nje kwenye pipa la maji tulimsikia akinawa mikono, akanawa tena, akasukutua mdomo na kutema, kisha nyayo zake zikaelekea kwake.

Tulibaki watatu na kuku mzima. Erastus alirudisha paa la injini mahali pake. Phineas akachukua sahani, akajipakulia, akabeba kigoda akaenda kula nje.